Tulikicheka Kigari cha Fundi wa Salgaa, Sasa Kimekuwa Geti

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nina deni.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanakumbuka ile klipu niliyorekodi hapa Salgaa, nyuma ya hoteli za madereva wa trela. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa ameunda kigari cha viti viwili. Chesisi aliiunga mwenyewe kwa vyuma vya mraba. Injini ilitoka kwa Probox iliyogongwa, taa za mbele zilikuwa za pikipiki, na bodi ilikuwa ya bati alilonyoosha kwa nyundo. Alikuwa amekipaka rangi nyekundu. Mlango wa dereva ulikuwa unafungwa kwa komeo, lile la mlango wa choo.

Mimi nikaenda na simu. Nikalivuta karibu lile komeo, nikaweka muziki wa mazishi, nikaandika "Ferrari ya Rongai". Klipu ilichapa vibaya. Wafuasi wangu elfu kumi wa kwanza walitoka hapo. Sitadanganya, nililala nikicheka.

Miezi kama saba baadaye nikapita kwake kuchomelea stendi ya kamera. Kigari hakikuwepo. Nikamuuliza fundi kimeenda wapi. Akanionyesha geti jeusi limeegemezwa ukutani likingoja mwenyewe. "Ndicho hicho," akasema. Nikadhani anatania. Akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Kijana, watu walianza kuniita Ferrari. Mteja anakuja kazi ya dirisha, anacheka kwanza. Mama watoto akasema nikate vyuma nilipe karo. Nikakata."

Hakujua kwamba klipu ni yangu. Ama alijua, sijui. Mimi nililipa pesa ya stendi nikatoka haraka.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma historia ya watu walioanzisha kampuni ndogo za magari. Niliacha uinjinia mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo kusoma usiku bila mtihani ndiyo chuo changu siku hizi. Na nimefikia msimamo mmoja ambao najua wengine wenu mtaupinga: Wakenya hatujakosa watu wa kuunda gari. Tumekosa uvumilivu wa kungoja gari la kwanza baya lizae la pili.

Tuanze na kichekesho cha taifa. Kila mtu hapa ana mjomba mwenye stori ya gari la Nyayo. Eti lilisukumwa. Eti lilikataa kuwaka mbele ya rais. Mimi mwenyewe nilikua nikijua gari la Nyayo kama mzaha, kabla sijajua kama ni kitu kilichokuwepo kweli.

Lilikuwepo. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwapa Chuo Kikuu cha Nairobi changamoto ya kuunda gari, hata kama litakuwa baya na la polepole. Wahandisi wakaingia kazini. Kufikia Februari 1990, magari yalizinduliwa kule Kasarani, yakiitwa Nyayo Pioneer. Yaliundwa matano ya majaribio, na yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Soma hiyo tena polepole. Miaka minne tu, nchi ambayo haikuwa imewahi kuunda gari lake, na kasi ni kilomita 120. Probox ya miraa inapita hiyo, sawa, lakini Probox ina Toyota nyuma yake.

Halafu kukaundwa shirika la kuyatengeneza kwa wingi, Nyayo Motor Corporation. Hapo ndipo pesa ikakosekana. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na kadiri miaka ya tisini ilivyosonga soko likafunguliwa, magari ya mtumba yakaanza kumiminika. Nani angengoja Pioneer? Shirika likabadilishwa jina, likawa Numerical Machining Complex, linatengeneza vipuri vya chuma vya viwanda. Gari halikuwahi kuuzwa hata moja.

Sasa, mtu atasema: si unaona, tulijaribu tukashindwa, yaishe. Hapo ndipo nataka tuende Marekani kidogo, kwa sababu sisi hudhani huko gari linatoka kichwani mwa mtu Jumatatu na Ijumaa liko dukani.

Kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa Briggs Cunningham. Mwaka wa 1950 alipeleka magari mawili ya Cadillac kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Moja lilikuwa karibu vile vile lilivyotoka dukani, gari la mzee wa kanisa. La pili alilivua bodi yake, akalivisha nyingine pana, bapa na ya ajabu, ili likate upepo vizuri. Wafaransa walipoliona walilibandika jina: Le Monstre. Zimwi. Yaani hata huko kulikuwa na watu kama mimi, ila hawakuwa na simu.

Zimwi lilimaliza nafasi ya 11. Lile la mzee wa kanisa likamaliza la 10.

Cunningham hakuenda kukata vyuma. Alifungua kiwanda kidogo West Palm Beach, Florida, akaanza kuunda magari yake mwenyewe. Mwaka wa 1951 alirudi Le Mans na magari matatu, moja tu likamaliza, nafasi ya 18. Angalia vizuri: ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mwaka wa 1952 akawa wa nne, na yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha sehemu kubwa ya zile saa 24. Mwaka wa 1953 gari lake lilishinda saa 12 za Sebring kule kwao, na Le Mans likamaliza la tatu. Mwaka wa 1954, la tatu tena.

Ili aruhusiwe kushindana, alitakiwa aunde pia magari ya kuuzia watu, ndiyo akaunda lile linaitwa C-3. Yalikuwa kama 25 hivi. Ishirini na tano! Matatu yaliyopaki stage moja ya Nakuru saa kumi na moja jioni yanaweza kuwa mengi kuliko hayo. Na sikiza jinsi yalivyoundwa: injini ilikuwa ya Chrysler, imenunuliwa. Bodi ilifinyangwa Italia, mjini Turin, kwa mafundi wa Vignale. Chesisi ndiyo ilikuwa ya Florida. Hakuna mtu aliyesimama akasema "hilo si gari la Marekani, hiyo injini ni ya mwenyewe".

Mwaka wa 1955 akafunga. Biashara haikuwahi kupata faida, na sheria ya kodi ya kwao ilisema ukipata hasara miaka mitano mfululizo, hiyo si biashara, ni mchezo wako wa tajiri. Mchezo haukatiwi kodi. Basi.

Kwa hivyo Cunningham alishindwa pia. Hata wale waliokuja na makelele zaidi walianguka. Preston Tucker aliunda magari 51 kule Chicago, akaishia kortini, akaachiliwa huru Januari 1950 wakati kampuni imeshakufa. John DeLorean aliweka kiwanda Ireland Kaskazini, akatoa magari kama elfu tisa, na kufikia mwaka wa 1982 kampuni ilikuwa imefilisika. Kampuni ndogo ya magari kufa ni jambo la kawaida, kama mvua Molo.

Tofauti yetu na wao iko kwa kinachobaki baada ya kifo. Cunningham alifunga kiwanda, lakini hakuyatupa magari. Alikuja kufungua makumbusho California mwaka wa 1966, na hadi leo mkusanyiko wake uko Florida, unatunzwa, watu wanaenda kusoma kila nati. Na kijana mwingine akijaribu, ana pa kuanzia. Mwaka wa 1962 Carroll Shelby, mtu ambaye kabla ya hapo alifuga kuku Texas wakamfia, alichukua gari dogo la Kiingereza la kampuni ya AC, akalitia injini ya Ford ya V8. Hilo ndilo Cobra. Yaliundwa karibu elfu moja tu. Mwaka wa 1965 magari ya Shelby yaliishinda Ferrari yenyewe ubingwa wa dunia wa magari ya GT.

Mwanaume wa kuku na injini ya kununua. Aliishinda Ferrari. Na mimi niliandika "Ferrari ya Rongai" nikidhani nimetukana mtu.

Hapa nataka kusema kitu kuhusu Pioneer ambacho si cha kumlaumu mtu. Nadhani ndoto ilikuwa kubwa kupita kiasi: gari letu, kila kitu chetu, halafu kiwanda cha taifa mara moja. Kutoka magari matano kwenda maelfu, bila kupita 25. Cunningham alinunua injini. Shelby alinunua injini na hata bodi. Fundi wa Salgaa, ambaye hajasoma hiyo historia yoyote, alifanya vile vile: akachukua injini inayojulikana, spea zake zinapatikana kila kona, akaunda kilichobaki. Njia yake ilikuwa sahihi. Kilichokuwa kibaya ni komeo, na komeo ni shilingi mia tatu kubadilisha.

Tumejaribu tena baada ya Nyayo, msidhani hatujajaribu. Mobius ilianzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson, baada ya kuishi mashambani huku Pwani na kuona jinsi watu wanavyosafiri barabara za vumbi na magari yasiyoundwa kwa barabara hizo. Gari lake la kwanza sokoni lilikuwa gumu na la kawaida sana, bila starehe. Mtaani tulifanya nini? Tulisema linafanana na sanduku. Tulilinganisha bei yake na Prado ya mtumba. Agosti 2024 kampuni ilitangaza inafunga, halafu siku chache baadaye ikasema imepata mnunuzi. Siwezi kuwaambia memes ndizo ziliiua, hapana, kampuni ya magari inakula pesa na ina madeni na ushuru. Lakini siku ya tangazo nilisoma maoni, na nusu yalikuwa vicheko. Watu walikuwa wamepoteza kazi.

Sasa vuka Malaba. Mwaka wa 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa kigari cha umeme cha viti viwili, Kiira EV. Viti viwili kama cha fundi wetu. Nakumbuka nilipoona picha zake nilicheka, kilionekana kama kitu cha katuni. Waganda hawakuishia hapo. Mwaka wa 2014 wakaja na Kiira Smack, ya viti vitano. Mwaka wa 2016 wakaonyesha Kayoola, basi lenye paneli za sola kwenye paa. Leo Kiira Motors ni kampuni, ina kiwanda Jinja, na kazi yake ni mabasi ya umeme. Miaka yote hiyo serikali yao iliendelea kutia pesa, na kuna Waganda wanaolalamika kwamba ni nyingi na magari ni machache. Wana haki ya kulalamika. Lakini wanalalamika kuhusu kitu kilichopo. Sisi tunacheka kitu ambacho hakipo.

Najua kuna mtu wa Sachangwan ameshakasirika. Anasema: wewe kijana unaishi Salgaa, unajua hii barabara imekula watu wangapi, na unataka watu waendeshe magari ya kuchomelewa na jirani?

Hilo ni swali la haki, na silikimbii. Mimi nimekulia kwa huu mteremko. Nimesikia trela ikishuka imeachiliwa nyutro ili dereva aokoe mafuta, na nimejua kabla ya mlio kwamba hiyo haitasimama. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, zaidi ya watu 30 walikufa basi lilipogongana na lori. Ni baada ya hapo ndipo ukuta wa kutenganisha barabara ulijengwa. Kwa hivyo siombi kigari cha komeo kiingie barabara kuu Jumapili jioni. Hata fundi hakuomba hivyo.

Lakini kumbuka pia: yale magari yaliyotumaliza hapa yalitoka viwandani, yana majina makubwa. Kilichoua kilikuwa mwendo, breki zisizotunzwa, uchovu na barabara yenyewe. Usalama wa gari unapimwa, hauandikwi kwa nembo. Uingereza mtu akiunda gari lake gereji, kuna ukaguzi maalumu wa gari moja moja: taa, breki, mishipi, usukani, moshi. Likipita, linapata namba. Likianguka, anapewa orodha ya kurekebisha, anarudi. Marekani walipitisha sheria mwaka wa 2015 ya kuruhusu kampuni ndogo kuunda hadi magari 325 kwa mwaka ya mfano wa magari ya zamani, bila kulazimika kupita kila jaribio la kampuni kubwa. Yaani nchi zenye sheria kali zimeacha mlango mdogo, na mlango huo una askari. Nilipomuuliza fundi kama aliwahi kujaribu kukisajili kigari, alisema alienda ofisi moja akaulizwa aliagiza gari kutoka nchi gani. Akasema Salgaa. Wakacheka.

Na msiniambie hatuna uwezo. Tangu 1989 kuna Rhino Charge, watu wanapita porini pasipo na njia na magari mengine yameundwa kutoka chesisi kwenda juu kwenye karakana za hapa hapa Kenya. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, hapo Naivasha, na sisi wote tulienda kula vumbi. Thika na Mombasa kuna viwanda vinavyounganisha malori na mabasi kila siku. Bodi za matatu tunazojivunia zinaundwa na watu wetu. Mtu anayeweza kuunda matatu ya abiria 33 yenye taa za disko anashindwaje na kigari cha viti viwili?

Ninachotaka ni vitu vitatu, na kimoja tu kinahitaji serikali.

Cha serikali: ukaguzi wa gari moja moja, kwa ada ambayo fundi wa kawaida anaweza, na orodha iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Anguka, rekebisha, rudi.

Cha vyuo vyetu: pelekeni wanafunzi kwa hawa mafundi. Nilikaa mwaka mmoja na nusu darasani nikichora gia ambazo sijawahi kushika. Nilishika gia ya kwanza Salgaa, baada ya kuacha chuo. Na tafadhali, Pioneer zilizobaki na michoro yake viwekwe mahali ambapo mtoto wa darasa la nane anaweza kuviona. Hata kama zimeoza. Zioneshwe zikiwa zimeoza.

Cha tatu ni chetu sisi wenye simu. Sisemi tusicheke, mimi nakula kwa kicheko. Lakini kuna kicheko cha kumwambia mtu "komeo hilo litakuaibisha, weka kitasa", na kuna kicheko cha kumfanya akate vyuma. Nilijua tofauti hata wakati ule. Nilichagua ile iliyolipa.

Ile klipu nimeifuta leo asubuhi. Ndiyo ilikuwa inatazamwa zaidi kwa ukurasa wangu, na haijamrudishia mtu chochote, najua. Juzi nilienda kwa fundi nikamwambia ukweli, kwamba yule wa Ferrari ni mimi. Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchomelea hadi fimbo ikaisha. Halafu akavuta turubai pale kona. Injini ya Probox bado iko. Hakuiuza.

Nikamuuliza kama ataanza tena. Akasema vyuma vimepanda bei, ataona. Nikamwambia akianza nitarekodi kila hatua, kuanzia chesisi, na sitaweka muziki. Akasema ataona.

Kwa hivyo sina mwisho mzuri wa kuwapa. Lakini kama mtaani kwenu kuna mtu anaunda kitu, iwe Njoro, Kiamunyi, Kawangware ama Eldoret, kabla hujatoa simu muulize swali moja: imebaki nini ndiyo itembee? Akijibu, niandikie. Nitakuja na kamera, na shilingi mia tatu za kitasa.